Mwangukaji Wangu

6 Februari

Wifi yangu Kijiti,

Hii ni wiki ya tatu tangu uondoke, na naandika kwa sababu kwenye simu sipati nafasi. Simu ni ya mumeo na watoto. Wakimaliza wao inabaki nusu dakika ya "haya, wifi, wote wazima?" na mimi najibu wazima, basi. Mambo ya ukumbi wetu wa judo hayasemeki kwa nusu dakika. Kondakta wa basi la asubuhi amekubali kubeba bahasha zetu pamoja na vifurushi vyangu vya sare, kwa hiyo usije ukasema hukupata njia ya kujibu.

Jumanne Kocha alinipanga na Mchomeleaji. Unamjua alivyo, mtu mpana kama kabati la nguo. Nikamshika kola, nikageuka, nikavuta, na yeye akabaki amesimama ananitazama kwa huruma. "Mama Fundi, nianguke?" Ananiuliza! Ukumbi mzima ulivunjika mbavu, hata Kocha, ambaye askari wenzake wa zimamoto wanasema kazini hacheki kamwe. Ule mtupo wa tatu wa mtihani, wa kumbeba mtu mabegani, hatukuujaribu. Bado naupenda mgongo wangu, cherehani haiendeshwi na mtu aliyelala.

Nakukumbusha tu, maana wewe ukishika darubini ya maabara unasahau dunia. Mtihani wa mkanda mweusi ni tarehe kumi Agosti. Mitupo tisa iliyopangwa, kulia na kushoto, yaani mara kumi na nane mtu ananiangukia mbele ya watahini watatu. Mtahiniwa ni mimi, lakini mwangukaji akiharibu tumeharibu wote. Miaka minne umeniangukia wewe, na sitaki mwingine. Nina miaka arobaini na sita, wifi. Kocha ameniambia waziwazi kwamba goti hili mwakani halitanipa nafasi nyingine. Uliahidi utakuja, na ahadi hiyo nimeipigia mstari.

Watoto hawajambo, wanakula kwangu. Mumeo juzi ameunguza suruali ya kazi kwa pasi, akaniletea ameificha chini ya shati ili majirani wasione, dereva mzima wa basi la shule. Je, huko kuna ukumbi wa judo? Usinenepe.

Wifi yako,
Fundi

20 Februari

Wifi Fundi,

Nimecheka mpaka mwenzangu wa maabara akachungulia kuona nimevuta dawa gani. Hospitali hii ni kubwa, maabara peke yake ina vyumba vitano, na mimi nimewekwa cha damu. Miezi tisa ya mafunzo naiona kama miaka tisa. Judo hakuna. Nimeuliza kila mahali, hata kwa walinzi. Lakini nimepata aikido, na nakuomba usikunje uso kabla hujamaliza kusoma.

Wanakutana ghorofani, juu ya duka la miwani, Jumatatu na Alhamisi tukitoka kazini. Mwalimu ni daktari wa meno wa hapa hapa hospitalini, mtu mpole, wa makamo. Hakuna mashindano na hakuna kuvutana kola. Mtu anakuja kukushika mkono, wewe humpingi, unageuka naye, unamzungusha, na ghafla anajikuta chini. Siku ya kwanza niliganda. Mikono yangu ilikuwa inatafuta kola muda wote. Daktari akaniambia, "Wewe umezoea kuvuta. Hapa ngoja." Nikamwambia nimefundishwa na wifi yangu, na wifi yangu hangoji mtu. Alicheka sana.

Kuanguka ndiko kulikonishangaza. Sisi tunaupiga mkeka kwa mkono mpaka vioo vinalia. Wao wanajikunja, wanaviringika, wanasimama, wala hawasikiki. Wiki ya pili tu daktari akaniita mbele nimwangukie wakati anaonyesha. Akawaambia wengine, "Mwangalieni huyu, ana mwili unaosikiliza." Wifi, nilijiona kama nimepewa cheti.

Halafu wana suruali pana nyeusi yenye marinda mazito, wanaiita hakama. Ukiiona mkono utakuwasha. Ahadi ya Agosti iko palepale.

Wako,
Kijiti

1 Machi

Wifi,

Mwili unaosikiliza! Na miaka minne kwangu ulikuwa unasikiliza nini, redio?

Haya, nimefurahi. Nimefurahi sana, usione mwandiko umelala upande, kalamu ndiyo mbovu. Nilimweleza Kocha kuhusu hiyo aikido yenu, akasema ni mchezo mzuri wenye heshima zake, nikamwambia basi ahamie huko. Kushikana mikono, kuzungushana, hakuna aliyeshinda wala aliyeshindwa, mimi nilidhani hiyo ni dansi. Lakini mimi ni fundi cherehani tu, najua nini.

Ila nikukumbushe. Ulipokuja ukumbini hukujua hata upande upi wa koti unakaa juu. Koti lile nilikushonea mimi. Mkanda nilikufundisha kufunga mimi. Ulipovunja kidole cha mguu nilikubeba mimi mpaka kwenye teksi, na dereva akadhani umezimia kumbe unacheka. Leo mtu na koleo zake za meno, wiki mbili tu, anakusifia mwili mbele za watu na wewe unajiona umepewa cheti.

Sisemi kitu. Ila mumeo ameuliza. Nilimsomea kipande cha barua yako, akasema, "Huyo daktari ana mke?" Nikamwambia sijui, nitakuuliza. Basi nauliza kwa niaba yake, mimi mjumbe tu.

Fundi

14 Machi

Wifi Fundi,

Ameuliza hivyo? Yeye? Jumapili tumeongea robo saa nzima, na alichouliza ni ufunguo wa kabati la juu uko wapi. Nimeisoma mistari ile mara tatu. Miaka kumi na moja ya ndoa hajawahi kuniuliza nimechelewa wapi. Nilikuwa namtania kwamba hana wivu hata wa kuazima.

Mwambie daktari alifiwa na mkewe miaka sita iliyopita, na ana binti anayesoma chuo. Ukumbini tuko kumi na wawili na mlango uko wazi muda wote. Lakini kwa nini asiniulize mwenyewe? Nilitaka kumuuliza kwenye simu, nikaogopa kumwaibisha, maana huenda alikuambia wewe kwa siri. Wewe unamjua tangu yuko mgongoni mwa mama. Niambie nifanye nini.

Kuna jambo lingine, nalo naomba usininyime. Hakama ya daktari imechakaa, na mafundi wa hapa wakiona yale marinda wanasema wana kazi nyingi. Mwezi wa tano anatimiza miaka ishirini ya kufundisha, na wanafunzi tunataka kumpa mpya. Nikajigamba kwamba nyumbani ninaye fundi ambaye hashindwi na nguo. Kitambaa kiko ndani ya kifurushi hiki. Kiuno inchi thelathini na nane, urefu wa mguu thelathini na tisa, marinda matano mbele na mawili nyuma.

Wako,
Kijiti

20 Machi

Kiuno inchi thelathini na nane. Nani alimpima?

Mimi napima viuno tangu nina miaka kumi na saba, wifi, usinifundishe kazi yangu. Kumpima mtu kiuno unamzunguka kwa mikono miwili, unakutanisha futi kitovuni, anakuambia usibane, unacheka, naye anacheka. Halafu urefu wa mguu unapiga goti. Ulipiga goti?

Mumeo ameiona karatasi ya vipimo. Ilikuwa mezani kwangu, alikuja kula mchana na watoto, akaisoma, akasukuma sahani. Mtu ambaye kwangu anakula mpaka namwambia awaachie wenzake, amesukuma sahani na kutoka nje kuangalia matairi ya basi. Sijui kama unaelewa uzito wake.

Wewe si mtoto. Kama unaipenda nyumba yako, achana na ukumbi ule. Sikuombi kwa ajili yangu. Mimi nina Mchomeleaji na ananitosha. Nakuomba kwa ajili ya yule aliyesukuma sahani.

Kitambaa kimefika. Sijakigusa, nina sare za shule nzima za kumaliza.

Fundi

3 Aprili

Wifi,

Nimeacha. Nilimwambia daktari kwamba naumwa. Aliniandikia kikaratasi cha kunitakia afya, nami nikakichana bila kukisoma mpaka mwisho.

Nani alimpima sikujibu. Swali lile halikustahili kutoka kwako.

Jumatatu na Alhamisi sasa nikitoka kazini nakaa chumbani. Kuna kitanda, meza, na dirisha linalotazama maegesho ya magari ya wagonjwa. Viungo vinaniuma kwa kukaa, mtu aliyezoea kuanguka mara hamsini kwa jioni moja. Lakini siulilii ukumbi. Ninacholilia ni kwamba mume wangu alikuwa na donge moyoni, akalipeleka kwako badala ya kulileta kwangu. Akipiga simu siku hizi nampima kila neno. Akisema "sawa" najiuliza ni sawa ya namna gani. Jana alisema amechoka, nikasingizia nina mgonjwa, nikakata simu nikalia. Miaka kumi na moja nimelala kando ya mtu huyu, na leo naogopa sauti yake.

Mwambie ale. Agosti nitakuja kukuangukia kama nilivyosema.

Kijiti

19 Aprili

Wifi mpenzi,

Umefanya vizuri. Mumeo anakula. Anakula sana.

Nilidhani barua yako ikija nitapumua. Niliisoma nimesimama mlangoni, mteja ananingoja, nikarudi mezani nikakata kola ndogo kuliko shingo ya mtoto yeyote duniani. Jumanne Kocha aliniuliza nina nini, namshika mtu kama mkewe amenikosea. Nikamwambia ni goti.

Nimekuwa nikifikiri. Labda ungekwenda mara mojamoja, ukakaa pembeni ukaangalia tu. Sijui. Mumeo amepoa siku hizi, wala sidhani kama anakumbuka. Ila usimuulize. Tafadhali, wifi, usimuulize kabisa, wanaume wakikumbushwa jambo wanaanza upya. Wewe nyamaza nalo litakufa lenyewe.

Nimekuwekea soksi mbili nzito na kipande cha sabuni uipendayo.

Fundi

14 Juni

Dada,

Shikamoo.

Shule zimefungwa, na mimi niko huku kama unavyojua. Sasa nimeelewa kwa nini ulinishauri mara tatu nisije, eti barabara mbaya. Naandika kwenye benchi la hospitali, mke wangu yuko ndani kazini.

Nilipofika stendi nilitegemea kukumbatiwa. Mke wangu alisimama mbali, ameubana mkoba kifuani, akaniambia, "Niliacha tangu Aprili, naapa." Nikamuuliza kuacha nini. Akadhani namtega. Dada, imenichukua njia nzima kutoka stendi mpaka chumbani kwake kuelewa kwamba nina wivu. Nina wivu tangu Machi! Nimesukuma sahani! Wewe lini umeniona na sahani nikaisukuma? Akanitolea barua zako zote. Nikazisoma nimekaa kitandani, yeye amesimama ananiangalia kama mgonjwa anayesubiri majibu.

Nilikuwa na maneno mawili tu ya kusema, kwamba dada amedanganya, na mambo yangekwisha palepale. Lakini ukutani amebandika picha moja. Si yangu. Ni yenu, mmevaa makoti ya judo, yuko mabegani mwako na meno yote nje. Nikaona nikisema, atakukosa wewe. Nikinyamaza atanikosa mimi kidogo, na mimi ni mumewe, tutapatana. Nikasema, "Ndiyo, niliuliza. Nisamehe." Alilia sana, halafu akanisamehe. Nimesamehewa kosa lako, dada, na sijawahi kujisikia mchafu hivi.

Jumatatu nilimpeleka mwenyewe kwa huyo daktari ili arudi mazoezini. Ni mpole kweli, aliniuliza kuhusu basi langu zaidi kuliko nilivyomuuliza kuhusu aikido. Vipimo vile mke wangu alivipata kwa kutandika suruali kuukuu mezani na kuipima kwa rula ya maabara. Kitambaa chao usihangaike nacho, walipata fundi mwingine.

Mwenye wivu ni wewe. Haikuwa kwa ajili ya nyumba yangu, na hilo ndilo lililoniuma. Nimekubebea mpaka hapa. Mwambie mwenyewe.

Mdogo wako

17 Juni

Mdogo wangu,

Marahaba.

Ni kweli. Siwezi kuandika zaidi ya hapo bila kuchana karatasi, na hii ni ya nne.

Nakuomba kitu kimoja tu. Nyamaza mpaka tarehe kumi Agosti. Mtihani ukipita nitamwambia kila kitu, nitapiga magoti, nitafanya atakalo. Nikimwambia sasa hatakuja, na asipokuja sina mwangukaji, na mwaka mwingine sina goti. Ni wiki saba na ushee. Wewe umeshasamehewa, kwako haipungui kitu.

Dada yako

21 Juni

Dada,

Shikamoo.

Nimekurudishia barua yako. Isome kama vile umeandikiwa wewe.

Mdogo wako

2 Julai

Wifi yangu,

Nina deni la kukushukuru na nimechelewa. Mume wangu alikaa wiki mbili, tukayasema yote. Alikubali kwamba aliuliza. Akaniomba radhi bila kujitetea hata kwa neno moja, mpaka nikamwonea huruma. Ameniambia nirudi ukumbini, nami nimerudi, ingawa sasa nikimwangukia daktari najikuta natupa jicho mlangoni, kama kuna mtu anaangalia.

Usimkasirikie mdogo wako. Najua wewe ukipenda mtu unamlinda kwa meno. Na nilikuandikia vibaya Aprili, nilikujibu kama adui. Mwingine angeninyamazia, nyumba ikaoza kimyakimya nami nikicheka huku. Wewe uliniambia ukweli hata ukiwa unauma. Siku zote nimesema nimepata wifi, kumbe nimepata dada.

Nafanya mazoezi ya mitupo yetu tisa peke yangu kila asubuhi kabla ya kazi. Godoro la hapa ni jembamba, mgongo umekuwa wa bluu.

Wako,
Kijiti

22 Julai

Wifi,

Isome ukiwa umekaa.

Mumeo hakuuliza kitu. Hakuuliza kama daktari ana mke, hakuiona karatasi ya vipimo, hakusukuma sahani. Siku ile alikula akaongeza. Aliyeuliza ni mimi. Niliona aibu kuuliza kwa kinywa changu, nikatumia chake. Na alipokuomba msamaha alikuwa ananifichia mimi. Barua yako ya kunishukuru nimekaa nayo siku kumi na nane.

Nitakuambia ilivyokuwa, na si kwa kujitetea. Mimi nashika watu mchana kutwa. Kiuno, bega, shingo, mkono. Hakuna anayenishika mimi, isipokuwa kunipa salamu na kuondoka na nguo yake. Jumanne na Ijumaa ulikuwa unakuja unanikamata kola, unanipa uzito wako wote, na unaniamini sitakuachia vibaya. Miaka minne. Sikujua kwamba nakingoja kitu hicho mpaka uliponiandikia unampa mtu mwingine, na kwamba kwake unaanguka vizuri zaidi. Niliona wivu. Nilitamani ghorofa lile liungue. Ulipoacha nilifurahi kwa muda wa kufungua bahasha tu, na baada ya hapo nimekuwa nikiona kile nilichokifanya. Nilikuwa tayari mdogo wangu aonekane mtu wa hovyo na wewe ulie kwenye chumba cha kupanga, ili mimi nisipoteze siku zangu mbili za wiki.

Na hili pia lijue, nilitaka kukuambia baada ya mtihani. Mdogo wangu alikataa.

Usije kama hutaki. Kocha ana kalamu, jina langu atalifuta.

Fundi

30 Julai

Nitafika tarehe tisa na kuondoka tarehe kumi. Nitalala nyumbani kwangu. Usinipikie.

Niliahidi kukuangukia. Kukusamehe sikuahidi.

13 Agosti

Wifi,

Tangu uingie ukumbini mpaka upande basi hukunipa neno hata moja. Ulikuwa na haki. Lakini uliondoka kabla ya matokeo, na mwangukaji lazima aambiwe.

Tulipoinamiana pale katikati nilitafuta macho yako, nikaona paji la uso tu. Mtupo wa kwanza ulikwenda. Nilikuwa naona watahini wakiandika, nasikia kalamu zao. Wa pili, unajua, mwangukaji anakuja na ngumi ya kushuka utosini. Miaka minne ngumi yako ilikuwa kama ya mtu anayetaka kunitoa uzi kwenye nywele. Ile ya Ijumaa ilikuja kweli. Nisingeingia chini yake ungenipasua, wewe ulijua na mimi nilijua. Sikukumbuka hatua, sikukumbuka goti, niliingia kwa sababu hapakuwa na pengine pa kwenda, na mkeka ulilia kabla sijaelewa kwamba nimekutupa. Ukanyanyuka bila kunitazama, ukaja upande wa kushoto na nyingine ya aina ileile. Mchomeleaji anasema alifumba macho.

Wa tatu ndio nilioogopa zaidi. Nilipokubeba mabegani nilikuwa nakuomba kimoyomoyo usijitoe. Mtu akiwa na kinyongo anajikaza, anajifanya mwepesi, anatafuta ardhi kwa mguu. Hukufanya hivyo. Uliniachia uzito wote. Dakika ile ulikuwa hunipendi hata kidogo na bado uliniachia uzito wote. Nilitaka kulia mbele ya wale watu watatu.

Sasa sikiliza. Mtahini mkubwa, yule mama mwenye mvi, alisimama mwisho akasema maneno haya, Kocha ameniandikia nisiyasahau: "Naona waangukaji wengi wanaokuja kuangushwa. Leo nimeona aliyekuja kupiga, ndiyo maana tumeona na mtupo." Nimepita. Mkanda uko mezani ndani ya nailoni yake, kila mteja ananipongeza, na mimi namjua aliyefaulu.

Wivu sijapona, nisikudanganye tena. Jana mdogo wangu alitoka kuongea na wewe kwenye simu anatabasamu peke yake, nikamwonea wivu mpaka yeye, mume wa mtu. Lakini sikutunga maneno. Nilirudi kwenye cherehani nikashona.

Nisamehe ukiweza. Usipoweza, asante kwa mara kumi na nane.

Fundi

25 Agosti

Wifi Fundi,

Ngumi nilikusudia. Usijipe moyo kwamba nilikuwa nawaigizia watahini. Tangu barua yako ya Julai nilikuwa naipiga ngumi ile akilini kila siku kazini, mbele ya darubini, mpaka mkuu wangu akaniuliza kama naumwa jino.

Na ujue ilikotoka. Mimi na wewe tuliigeuza pambo. Daktari wa meno ndiye aliyenikomesha. Kila nilipomjia kwa mkono mlegevu alisimama tu, hafanyi kitu, ananitazama. Halafu akasema, "Ukimshambulia mwenzio kwa uongo unamfundisha uongo." Kwa hiyo mkanda wako mweusi una mkono wa mtu yule ndani yake. Kila ukiufunga, kumbuka, na likuume kidogo.

Mume wangu naye nimemkasirikia kwa kunyamaza. Yake tutayamaliza sisi wawili, na safari hii bila tarishi.

Uliyoandika kuhusu kushikwa nimeyasoma mara nyingi kuliko nitakavyokubali. Ungeniandikia vile Machi ningeomba ruhusa ya siku mbili, ningepanda basi nikaja kukukamata kola. Ilikuwa rahisi kiasi hicho. Hilo ndilo linalonikasirisha kuliko uongo wenyewe, na sijui litaniisha lini.

Narudi katikati ya Oktoba. Watoto wataendelea kula kwako mchana, wameniambia hawataki mabadiliko. Jumanne ya kwanza nitakuja ukumbini, na Kocha akitupanga pamoja sitakataa. Mwakani mtihani ni wangu. Nimeshamwandikia Kocha, na mwangukaji nimeshamchagua. Si wewe. Wewe utakaa kwenye benchi, utanishikia taulo, na utaangalia zote kumi na nane.

Usiniulize ni nani. Na usimtume mdogo wako aniulize.

Kijiti